Msimfiche Mgonjwa Kichwa Chake

Mgonjwa akirudi kutoka hospitali ya Bugando au Muhimbili na majibu ya uvimbe kwenye ubongo, jambo la kwanza ndugu wanalofanya siku hizi ni kufungua kundi la wasapu. Wataliita "Mgonjwa Wetu", watamwingiza shangazi wa Nzega, baba mdogo wa Kaliua, hata binamu aliyeko Muscat, maana huyo ndiye anayetegemewa kwa hela. Ukoo mzima umo. Mwenye kichwa hayumo.

Yeye ameambiwa malaria imempanda kichwani. Kama amesoma kidogo, ameambiwa ni presha. Faili lake analo kaka mkubwa, na daktari alishavutwa pembeni akaombwa anyamaze. Wanaokuja kwetu Ntalikwa, hapa Tabora, kumjulia hali wanawahiwa chini ya mwembe kabla hawajafika mlangoni: "Hajui. Mpeni moyo tu."

Imani yenyewe wote tunaijua. Ugonjwa mkubwa mgonjwa haambiwi, ukimwambia, umemuua. Wazee wenye busara zao wanaitamka kama aya. Mimi naona ni woga wetu sisi tulio wazima, tumeuvika kanzu ya huruma.

Anayedhani mgonjwa hajui, hajauguza. Mtu anaamka alfajiri kichwa kinagonga, anatapika na hajala kitu, mkono wa kulia unaangusha kikombe, na juzi alianguka kwa degedege akajikojolea mbele ya wajukuu. Huyo hangoji picha ya hospitali imwambie kwamba hii si malaria. Alichokosa ni jina la ugonjwa na mtu wa kuzungumza naye. Akiuliza, mama anafunua chungu ambacho hakijachemka, na kijana anakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa.

Halafu kuna dawa. Wagonjwa wengi wa uvimbe huu hupewa deksamethasoni, ambayo hupunguza maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe, na kichwa kinaweza kutulia ndani ya siku chache. Dawa hiyohiyo huleta njaa isiyoshiba, hufukuza usingizi, hujaza uso, hupandisha sukari, humfanya mtu mpole awe mkali. Haikatwi ghafla, daktari huipunguza kidogo kidogo. Sasa mtu aliyeambiwa ana malaria, kichwa kikitulia, kwa nini aendelee kuimeza? Ataiacha, na hatakuwa na kosa. Na vidonge vya kuzuia degedege ataviacha hivyohivyo, halafu awashe pikipiki kwenda mnadani, au apande mtini kutundika mzinga wa nyuki. Nani atamkataza, na kwa sababu gani, wakati tumeshakubaliana kwamba ni presha?

Wala si kila uvimbe wa kichwani ni saratani. Upo unaoitwa meninjioma, unaoota kwenye ngozi zinazofunika ubongo. Mara nyingi hukua polepole kwa miaka, na wengi wakifanyiwa upasuaji hupona. Lakini jaribu kumshawishi mkulima wa tumbaku auze ng'ombe, apande treni kilomita zipatazo 840 kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam, akanyolewe na kufunguliwa fuvu katika taasisi ya MOI pale Muhimbili, kwa ajili ya malaria. Atakataa, na akili zake zitakuwa zinafanya kazi kuliko za kikao kizima.

Kuna jambo jingine ambalo katika mikoa yetu hii halipaswi kusemwa kwa kunong'ona. Ugonjwa usiotajwa jina haukai bila jina. Baba aliyekuwa mcheshi anaanza kutukana watu, anasahau njia ya shambani, anavua nguo uani. Uvimbe ukikaa sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kufanya hayo yote, maana huko ndiko mtu anakojizuia na kupima maneno yake. Familia inayojua imenyamaza. Majirani hawakuambiwa. Basi wanajaza wenyewe: karogwa. Na karogwa na nani? Si na kijana mwenye nguvu. Ni na bibi kizee wa nyumba ya tatu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Unyamwezini na Usukumani tumewazika vikongwe waliokatwa mapanga kwa tuhuma za namna hii. Wanaosema kunyamaza hakumdhuru mtu wakawaulize wajukuu wa vikongwe hao.

Njia hii yetu ya zamani ya misafara ina habari moja ya uuguzaji ambayo hatuisimulii ipasavyo. Aprili 1873 mmisionari David Livingstone alikuwa hajiwezi tena, watu wake wakimbeba machelani kuelekea kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Usiku wake wa mwisho alimwita mtumishi wake Abdullah Susi akamuuliza, kwa Kiswahili, zimebaki siku ngapi kufika mto Luapula. Susi alijibu kwamba anadhani ni siku tatu. Angeweza kumwambia mto uko hapo mbele tu, bwana, lala. Alimjibu kama mtu mzima anayemjibu mtu mzima mwenzake. Kabla ya mapambazuko ya Mei mosi, Livingstone alikuwa amefariki, na Oktoba mwaka huohuo Susi, mwenzake Chuma na wengine walipita na mwili wake Kwihara, nje kidogo ya mji huu wa Tabora, wakiupeleka Bagamoyo. Hakuna aliyewahi kusema Susi ndiye aliyemuua.

Lakini uvimbe wa ubongo una jambo lake la pekee. Magonjwa mengi humwachia mtu ulimi mpaka karibu na mwisho. Huu unaweza kumwachia mapigo ya moyo ukachukua maneno kwanza. Ukiwa upande wa kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko lugha iliko, mtu anabaki anakutazama, anajua anachotaka kusema, na neno haliji. Sisi tunasema "tutamwambia akipata nafuu", huku siku za kuzungumza naye ndizo zinazopungua. Sheria zetu za mirathi, iwe ya kimila, ya Kiislamu au ile iliyotoka India ya 1865, zinatofautiana kwa mengi, lakini zote zinataka anayeusia awe na akili timamu. Mzee aliyedanganywa miezi minane hawezi kuusia mwezi wa tisa. Shamba la Ntalikwa litagombewa na watoto wa mama wawili, na kila upande utaapa kwamba unajua marehemu alitaka nini.

Nitaambiwa: fulani aliambiwa ukweli, wiki ya pili akafa. Alikufa kwa uvimbe. Ule mkali kuliko yote, glioblastoma, hata kwa upasuaji, mionzi na vidonge vya nchi tajiri, takriban nusu ya wagonjwa hawafikishi mwaka mmoja na nusu. Hesabu hiyo haikutokana na kuambiwa.

Simwambii mtu akamwagie mgonjwa habari kama maji ya baridi. Huanzwa kwa kumuuliza: baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu? Ungependa daktari akueleze kiasi gani, na nani awepo? Wengine watataka kila kitu, mpaka miezi. Wengine watasema, mwelezeni mama yenu, mimi niacheni na Mungu wangu. Basi aelezwe mama, na baba aachwe. Hapo hatakuwa amefichwa, maana ameulizwa, na hilo ndilo jibu lake.