Mwanza Tusiyoijua

Wapendwa akina mama, mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya mapumziko. Tunajua kwamba wengi wetu tukilisikia neno hilo tunacheka. Ng'ombe wa plau hufunguliwa nira jioni, na mashine ya kusaga huzimwa ili ipoe, lakini mama hufikiriwa kuwa anaweza kwenda bila kusimama mpaka siku atakapoanguka. Sisi tulio wauguzi tunawaona akina mama hao wakiletwa: presha imepanda, usingizi umepotea, mgongo hauinuki. Dawa tunawapa, lakini dawa nyingine haimo katika kabati letu. Nayo ni siku mbili za kutoka nyumbani, kuona jambo jipya, na kurudi na moyo mwepesi.

Kwa sisi wa Ngokolo, na kwa ndugu zetu wa Kahama na Geita, mji unaotajwa kwa sifa ni Mwanza. Usiku taa zake zinapanda juu ya miamba kama nyota. Kuna hoteli za Capri Point, maduka makubwa, meli bandarini na samaki wa kila namna. Hata hivyo, hebu tujiulize: mara ya mwisho ulikwenda Mwanza kufanya nini? Bila shaka ulikwenda kuuguza, kununua bidhaa za duka, au kuhudhuria harusi na msiba. Hospitali ya Bugando imekaa juu ya kilima tangu mwaka 1971, na wapo akina mama wengi walioliona Ziwa Viktoria kwa mara ya kwanza kutoka dirisha la wodi, wakiwa wameshika mkono wa mgonjwa. Hiyo siyo njia pekee ya kuujua mji.

Tunashauri safari ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Kutoka Shinyanga mjini hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 160, barabara ya lami. Ukiondoka alfajiri, kabla ya saa sita mchana umefika na kuoga.

Jumamosi itumie kuutembea mji wenyewe. Anza Makoroboi. Wengi tunakwenda pale kununua vitenge na vyombo, tukashika mizigo na kuondoka, wala hatujiulizi jina hilo limetoka wapi. Limetokana na koroboi, zile taa ndogo za mafuta ya taa ambazo mafundi wa pale walizifua kutokana na makopo na vipande vya bati. Ni koroboi hizo zilizowasomesha wengi wetu usiku. Mweleze mwanao habari hiyo mkiwa mmesimama palepale, naye ataelewa kuliko akisoma kitabuni.

Kisha teremka ufukweni, utazame Mwamba wa Bismarck uliosimama majini. Vitabu vya Wazungu vinasema kwamba Mwingereza John Speke "aliligundua" ziwa hili mwaka 1858, alipofika sehemu za Mwanza. Bibi zetu walikuwa wakichota maji humo na kuanika dagaa tangu zamani, lakini hakuna aliyewaandika. Jambo hili lizungumzeni na watoto kwa utani, ili wajue kwamba historia huandikwa na mwenye kalamu.

Hapo ufukweni tuna onyo la kiuuguzi. Usiwaruhusu watoto kuoga wala kuchezea maji ya kando ya ziwa, hata kama wenyeji wanafanya hivyo. Kichocho kimo. Ni kile cha tumbo, ambacho huharibu ini polepole bila mtu kujua. Aliyekwisha kuingia majini aende kituo cha afya akapimwe, kwani dawa ipo na inaponya. Ziwa litazameni, samaki wake mle, maji yake myaache.

Jioni, mkiwa mmepumzika, tunapendekeza msome au msimuliane kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kile kilicho ng'ambo ya maji. Mzee huyu alisoma Seminari ya Rubya, akaandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, akamaliza mwaka 1945. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwenyewe akafariki mwaka 1981. Kinasimulia mke na mume waliokosa mtoto, ndugu wakaingilia ndoa yao, lakini mume akamfuata mke wake hadi kwa wakwe na kukubali masharti yote ili amrudishe. Ni akina mama wangapi kati yetu wanaosumbuliwa kwa kosa la kutozaa, hali mume hajapimwa hata siku moja? Kitabu hicho chafaa kusomwa na mke na mume pamoja.

Jumapili ndiyo siku kubwa, nayo ni ya Bujora. Panda gari la Kisesa katika barabara ya Musoma. Njiani utapita Igoma, yalipo makaburi ya ndugu zetu waliokufa katika meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei, 1996. Mamia ya watu walipotea siku ile, na familia nyingi za Kanda ya Ziwa bado zina kiti kitupu mezani. Mkisimama hapo kidogo na kusali, hamtakuwa mmepoteza muda.

Kutoka Kisesa unapanda kilima mwendo mfupi mpaka Bujora. Hapo, katika miaka ya 1950, padre mmoja kutoka Kanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kazi iliyowashangaza wengi. Wakati baadhi ya wamisionari walikuwa wanawafundisha watu wetu kuzichoma ngoma zao, yeye alizikusanya. Kanisa lake ni la mviringo kama nyumba ya mtemi, altare ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na tabernakulo ni kama nyumba ya kitemi yenye ngao na mikuki mlangoni. Mkulima wa Kisukuma aliyeingia humo hakuhitaji mahubiri marefu ili kujua nani anaheshimiwa mle ndani.

Kando ya kanisa ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma. Utaona jengo la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake ngoma za kitemi. Utawala wa watemi uliondolewa na serikali mwaka 1963, na kama ngoma zile zisingetunzwa, leo tungekuwa tunazisikia kwa masimulizi tu. Utaona nyumba ya wafua chuma, nyumba ya mganga, na habari za vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa na wachezaji wawili mahasimu, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Kila mwaka mwezi wa Juni, baada ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, vyama hivyo hushindana katika sherehe ya Bulabo, na anayeshinda ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Wapo wanaocheza na nyoka, wapo wanaocheza bugobogobo kwa majembe. Ukiweza kupanga safari yako wakati huo, furaha itakuwa maradufu.

Baadhi ya akina mama hutuuliza: je, ni halali kwa Mkristo kuingia nyumba ya mganga, hata kama ni ya makumbusho? Jibu letu ni kwamba kuangalia siyo kuabudu. Mtu hawezi kuchambua mila zake, achukue mbegu na kupeperusha makapi, kama anaogopa hata kuziangalia. Mkataa kwao ni mtumwa, na anayeyabeba yote bila kuchagua naye ni mtumwa vilevile.

Ndipo tunafika mahali ambapo tunawaomba msiharakishe. Ni ile nyumba ya asili ya msonge, kama walizoishi bibi zetu. Nyumba za namna hiyo hazikuwa na madirisha. Mama aliinama humo miaka 40 au 50, akipuliza moto wa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwa kuni katika nchi yetu ni shida. Moshi ule ulimwingia machoni asubuhi na jioni, mpaka macho yakawa mekundu na kudumu hivyo. Halafu mama huyo alipozeeka, walitokea watu wakasema macho mekundu ni alama ya uchawi. Katika Shinyanga na Mwanza, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga kwa neno hilo tu, wakati mwingine baada ya mpiga ramli kumtaja mtu.

Akina mama, macho yale yaliharibika kwa kutupikia sisi. Hakuna uchawi ndani yake. Kuna moshi, kuna ugonjwa wa trakoma, kuna mtoto wa jicho, na yote hayo yana wataalamu wake hospitalini. Waambie watoto wako maneno hayo mkiwa ndani ya nyumba ile, na uwaambie kwa sauti. Kijana aliyeyasikia kwa mama yake, siku akiitwa kwenda kumdhuru bibi wa jirani, atakumbuka. Kwa sababu hiyo peke yake, nauli ya Bujora siyo hasara.

Sasa tuje kwenye mambo ya kawaida. Fedha: wekeni kikundi cha akina mama watano au sita, kila mmoja atoe kidogo kila wiki baada ya jumuiya, na baada ya miezi michache safari itakuwa imelipwa bila kugusa ada ya shule. Baba watoto aambiwe mapema, siyo usiku wa kuamkia safari. Na kama anaweza kuja, aje. Chukueni angalau mtoto mmoja mkubwa kila nyumba. Anayenyonyesha aende na mwanawe. Mwenye presha au kisukari asisahau vidonge vyake mezani. Bebeni michembe na maji yaliyochemshwa, na ulizeni mapema malazi katika hosteli za kanisa, ambazo huwa nafuu na tulivu.

Mkirudi, nendeni kwa bibi aliye karibu nanyi. Msalimieni, "Mwangaluka," mwoneni macho yake, na kama yanamsumbua mpelekeni kliniki. Msafishieni jiko lake na kumtobolea dirisha. Mungu awatangulie katika safari zenu, na awarudishe salama.