Sheria za pool zibandikwe ukutani

JUMAMOSI usiku, baa imejaa, muziki uko juu. Kijana anapasua mipira, mmoja unaingia, kisha anaifuata mingine mmoja baada ya mwingine mpaka mweusi. Mpinzani wake hajapata hata nafasi ya kupaka chaki fimbo. Watu wanapiga makofi na kuanzia usiku huo jamaa anaitwa fundi. Wiki inayofuata fundi huyohuyo anavuka mtaa wa pili, anatumbukiza sarafu kwenye meza nyingine na kufungwa na mtu ambaye hata kwao hajulikani. Wenzake wanasema alizidisha bia.

Huenda alizidisha. Lakini meza nayo ilikuwa nyingine, na sheria alizozikuta pale hazikuwa zile za baa yake. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua, kuliko watu wanavyodhani, nani atasafisha meza kwa zamu moja na nani atabaki anazunguka na fimbo mkononi.

Kwanza ukubwa. Meza ndogo ya futi 7, ya mtindo wa Kiingereza, ina uwanja wa kuchezea wa futi 6 kwa 3. Ile kubwa ya Kimarekani ya futi 9 ina uwanja wa inchi 100 kwa 50, eneo ambalo ni karibu mara mbili. Mtu wa kawaida atasema basi kwenye ndogo kusafisha ni rahisi, kwa sababu tundu liko karibu. Ni kweli kwa nusu tu. Idadi ya mipira haipungui, ni 15 ileile pamoja na mweupe. Hata kama mipira ya Kiingereza ni midogo, inchi 2 dhidi ya inchi 2 na robo ya Kimarekani, msongamano kwenye meza ndogo bado ni mkubwa. Mipira inabanana, njia zinazibwa, na mchezaji anayejua kulenga tu bila kujua kuupeleka mweupe mahali anakwama akiwa na mitatu mkononi.

Kwenye meza kubwa shida inageuka. Nafasi ipo tele, ila shuti ni ndefu, na kosa dogo la kulenga linakua kadiri mpira unavyosafiri. Ndiyo maana fundi wa meza ndogo akipelekwa kwenye kubwa anakosa mipira ambayo baa kwake angeipiga huku anaongea na simu.

Matundu nayo hayafanani. Ya Kimarekani yamekatwa kwa kona zilizonyooka na mdomo mpana, hivyo mpira unaotambaa ukingoni unaweza kugusa raba na bado ukazama. Ya Kiingereza yana midomo ya mviringo. Mpira huohuo ukigusa pembeni kwa nguvu unatemwa. Aliyezoea kupiga kwa nguvu kwenye matundu ya kusamehe atajiona ana mkosi siku atakapokutana na yasiyosamehe. Wachina, kwenye mchezo wao wa mipira minane, wamechanganya makusudi: meza ya futi 9, mipira mikubwa ya Kimarekani, matundu ya mviringo kama ya snuka. Huko anayesafisha meza amefanya kazi kweli.

Halafu kuna mpira mweupe, ambao ndio unawaumiza wengi bila wao kujua. Kwenye meza ya sarafu, mpira ulioingia unabaki tumboni mwa meza mpaka sarafu nyingine itumbukizwe, ila mweupe lazima urudi. Meza inautambuaje? Kwenye meza nyingi za mtindo wa Kiingereza inautambua kwa udogo wake: mweupe una inchi 1 na 7/8, mingine inchi 2. Kwa macho ni tofauti ndogo, lakini kwa uzito, kama mipira imetengenezwa kwa kitu kimoja, mweupe unapungukiwa karibu asilimia 18. Mpira mwepesi hivyo ukipigwa chini unarudi nyuma kirahisi, na ukitaka usonge mbele baada ya kugonga, unagoma. Baa za Marekani kwa miaka mingi zilikuwa na kinyume chake: mweupe mkubwa au mzito kuliko mingine, unaosukuma mbele kama trekta na kukataa kurudi. Mtu aliyejifunza kwenye mmoja anapogusa mwingine, mahesabu yote ya wapi mweupe utasimama yanaharibika, na bila mahesabu hayo hakuna kusafisha meza.

Kitambaa kinasahaulika zaidi. Cha mtindo wa Kiingereza kina manyoya, cha Kimarekani kimesokotwa laini na mpira unakimbia. Unyevu wa hewa unakifanya kizito, jambo ambalo wakazi wa Dar es Salaam na Tanga hawahitaji kuelezwa. Ongeza bia iliyomwagika, majivu ya sigara na mguu mmoja wa meza uliowekewa kipande cha boksi, na unapata meza ambayo mwenyeji pekee anajua kuwa mpira wa taratibu unaelekea kona ya chooni. Mwenyeji huyo akisafisha meza anashangiliwa kwa ufundi, wakati nusu ya ufundi wenyewe ni kuujua mteremko.

Sheria ndizo zenye ugomvi. Mtu akifanya kosa, mpinzani anapata nini? Katika sheria za kimataifa za mipira minane kwa meza za Kimarekani, anauchukua mweupe na kuuweka popote. Kwa mchezaji mzuri hiyo ni kama penalti bila kipa. Katika sheria za zamani za Kiingereza, ambazo zimesambaa kwenye baa nyingi duniani, anapewa mapigo mawili. La kwanza analitumia kutawanya mipira iliyobanana, la pili anaanza kusafisha. Zipo baa zinazosema mweupe uwekwe nyuma ya mstari, zikaishia hapo. Kosa moja, thamani tatu tofauti kabisa.

Mweusi ukiingia wakati wa kupasua, baa moja inasema umeshinda, nyingine inasema umefungwa. Sheria za kimataifa hazisemi lolote kati ya hayo: kwa meza za Kimarekani aliyepasua anachagua mweusi urudishwe mezani au mipira ipangwe upya. Katika baadhi ya maeneo, hasa Amerika Kusini, mweusi lazima uingie kwenye tundu lile ulikozama mpira wako wa mwisho. Mchezaji wa hapo hupanga safari yote kurudi nyuma kuanzia kwenye mweusi. Mgeni asiyeambiwa atasafisha saba zake vizuri na kujikuta ameuacha mweusi upande usiofaa.

Lipo jingine dogo ambalo baa nyingi hazina kabisa: baada ya mweupe kugonga mpira wako, lazima mpira wowote uingie au uguse ukingo. Pasipo sheria hiyo, mtu akiona hawezi kusafisha anaugusa mpira wake kidogo tu na kuuficha mweupe nyuma ya mwingine. Mwenzake anajibu hivyohivyo. Mchezo wa dakika 5 unakuwa wa nusu saa, foleni ya sarafu ukingoni inazidi kuwa ndefu, na walioweka hela zao wanaanza kupandishiana sauti.

Kama mambo yangeishia kwenye kuchekana baa, yasingekuwa na uzito. Hayaishii hapo. Klabu za mchezo huu ni za baa, na baa ndipo wachezaji wanapopatikana. Miaka ambayo bia ya Safari Lager ilidhamini mashindano ya taifa, njia ilianzia ngazi ya mkoa kabla ya fainali. Anayechaguliwa kwa sababu anasafisha meza ya mtaani kwake, yenye mteremko wake na mapigo yake mawili, anaweza kufika kwenye meza iliyonyooka yenye mwamuzi na kufungwa raundi ya kwanza. Nauli imeliwa, na kijana mwingine ambaye huenda angefaa zaidi amebaki nyumbani kwa sababu kwao meza ni ngumu na hakuna anayeisafisha.

Viongozi wa Chama cha Pool Tanzania (TAPA) na wale wa mikoa wana kazi inayowezekana hapa. Hakuna anayetaka kila baa inunue meza mpya. Hela hiyo haipo. Kinachowezekana ni ukurasa mmoja wa sheria, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ubandikwe ukutani kila baa yenye klabu iliyosajiliwa: kosa ni nini, adhabu yake ni ipi, mweusi ukiingia wakati wa kupasua inakuwaje, na kama mpira lazima uguse ukingo. Wenye baa nao waweke pimamaji juu ya kitambaa hata mara moja kwa mwezi, wapige brashi, na glasi za bia zikae kwenye meza za bia.

Na wanaochagua timu wasitazame usiku mmoja wa kusafisha. Wampeleke kijana baa tatu ambazo hajawahi kucheza, wamsomee sheria kabla hajatumbukiza sarafu, kisha wakae pembeni na kuangalia mweupe wake unasimama wapi.