Flashi kwanza, diski baadaye

SAFU YA MPAKANI
Na Lusajo Simbeye

Oktoba 14, 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na hapa Tunduma hakuna aliyestuka. Laptopu ziliwaka kama jana yake. Mawakala wa forodha waliendelea na nyaraka za maroli yanayoelekea Nakonde, steshenari ziliendelea kuchapa barua za maombi ya kazi. Ipo nyongeza ya mwaka mmoja kwa anayejiandikisha, ila mimi bado sijakutana na aliyejiandikisha.

Shida ni kwamba kompyuta zetu nyingi ni za mtumba. Tazama mezani: HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T450, mashine ngumu zilizostaafu maofisini huko nje na bado zina nguvu. Windows 11 inazikataa. Inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Fundi atakwambia kuna ujanja wa kuipitisha, na kweli upo. Atakwambia pia anaweza kukupigia Windows iliyokrakiwa, jioni uifuate. Kabla hujamkabidhi mashine, jaribu mfumo endeshi wa pili.

Nazungumzia Linux. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Ubuntu, ambayo ni Linux iliyofungashwa kwa ajili ya watu wa kawaida, ilitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa sidii zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Anayedai haya ni mambo mageni kwetu amechelewa miaka ishirini.

Ugomvi wangu na mafundi uko kwenye mpangilio. Mtu anauliza tu Linux ikoje, kesho yake diski imeshagawanywa, mifumo miwili imekaa pamoja, na mwenye mashine hajui picha za harusi ziko upande gani. Kuweka mifumo miwili kwenye diski moja ni hatua ya mwisho. Ya kwanza ni flashi.

Tafuta flashi ya GB 8, tena tupu, kwa sababu Rufus, programu ya kuandika mfumo kwenye flashi, itafuta kila kilichomo. Wenye steshenari msije mkachukua ile yenye kazi za wateja. Pakua Linux Mint, aina nyingine ya Linux iliyofungashwa kama Ubuntu, kutoka tovuti yao wenyewe. Faili lake ni karibu GB 3, nusu ya Ubuntu, na kwa bei ya bando hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kuichagua. Ukimpata rafiki mwenye nalo, nakili kwake. Ni halali kabisa. Rufus ikimaliza kuliandika kwenye flashi, zima kompyuta, chomeka, washa huku unagonga F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, kisha chagua flashi kwenye orodha inayotokea. Baada ya muda utaona meza nzima ya Mint, ina kivinjari, ina LibreOffice, na Windows yako imelala palepale haijaguswa. Kwenye meza hiyo kuna aikoni ya kusimika mfumo. Iache.

Sasa fanya kazi zako, siyo kuchezacheza. Unganisha Wi-Fi, ikigoma, chomeka simu kwa waya na ushiriki intaneti ya simu, mara nyingi inakubali bila kuomba chochote. Ingia kwenye mifumo ya serikali unayoitumia kila siku, uone kama kivinjari kinaifungua. Chapa ukurasa kwa printa yako mwenyewe, maana printa ndizo zinazovunja ndoa hii kuliko kitu kingine. Fungua faili la Excel lenye fomula zako zote. Funga kifuniko, fungua, uone kama mashine inaamka. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, na ulichohifadhi humo kitapotea ukizima, kwa hiyo weka kazi kwenye flashi nyingine au barua pepe. Angalizo moja: diski ya Windows inaonekana kutoka humu, na faili utakalolifuta huko limefutika kweli. Faida yake ni kwamba siku Windows ikigoma kuwaka, flashi hiyohiyo mara nyingi itakuokolea mafaili.

Kuna njia ya kuendesha Linux kama programu ndani ya Windows, kwa VirtualBox. Kwenye RAM ya GB 4 mifumo yote miwili itabanwa pumzi. Mwenye GB 8 na zaidi ajaribu.

Ukishakaa na flashi ukaridhika, ndipo uguse diski. Nakili mafaili yako kwanza. Punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, zima ule mtindo wake wa kuwaka haraka, na kama BitLocker imewashwa, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi. Betri za mtumba nyingi zimekufa, na umeme wetu mnaujua. Ukikatika diski ikiwa inagawanywa unaweza kupoteza yote. Azima betri au nenda penye jenereta.

Halafu saa. Tumezoea kwamba Nakonde wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikidaka mnara wa Zambia nayo inarudi nyuma. Mwenye mifumo miwili ana mkorogo wake mwingine. Linux huweka saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC, wakati Windows huisoma saa hiyohiyo kama ya hapa, basi ukitoka Linux kurudi Windows, saa tano asubuhi inaweza kusomeka saa mbili. Kwa anayetoa ankara hilo ni jambo zito. Fungua terminali ya Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1, na mifumo itaelewana.

Mwenye kutegemea Tally kwa hesabu zake asihangaike na haya kwenye mashine ya kazi. Tally ni ya Windows, na mfanyabiashara huyo aanze kuweka akiba ya laptopu inayokubali Windows 11. Ile ya zamani awape watoto, na flashi yake.