Foleni ya Disney: Msimlaumu Mama Mwenye Kigari

Leo nina ugomvi na washauri wa safari. Ukipanga kwenda na familia Walt Disney World, kule Florida, utaambiwa yale yale kila mahali: fika mapema, beba mkoba mdogo, wafunze watoto kupita haraka, usiwacheleweshe wengine. Yaani ukaguzi ukikwama langoni, mkosa ni mama mwenye kigari cha mtoto. Napinga! Kazi yangu ni kuandika programu, na nikiona foleni kama hiyo nauliza kwanza mtambo umepangwa vipi.

Historia kidogo. Desemba 2015 bustani kubwa za burudani za Orlando (Disney, Universal na SeaWorld) zilianza kutumia vifaa vya kutambua chuma, vile vya kutoa kila kitu mfukoni. Mwaka 2020 Disney wakaanza kuweka skana za kampuni ya Evolv. Hizi ni nguzo mbili; unapita katikati bila kusimama, simu mfukoni, mkoba begani.

Zinafanyaje kazi? Nguzo hutoa mawimbi ya sumakuumeme, chuma huyavuruga, vihisio hupima, kisha programu hukisia: hii ni simu au ni bunduki? Hukisia, jamani. Haioni bunduki kama wewe unavyoiona.

Fikirieni kichujio cha barua taka katika baruapepe. Ukikikaza sana, barua ya shangazi inatupwa. Ukikilegeza, matapeli wanaingia. Skana ni hivyo hivyo. Ikikazwa, mwavuli wako unaitiwa askari. Ikilegezwa, foleni inateleza, na kisu nacho kinateleza. Kuna mtu aliyechagua kipimo hicho, na si yule mama.

Hii si nadharia tupu. Tarehe 31 Oktoba 2022, katika shule ya upili ya Proctor mjini Utica, New York, mwanafunzi alidungwa kisu ndani ya shule iliyokuwa na skana za kampuni hiyo hiyo. Kisu kilikuwa kimepita. Novemba 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliishtaki Evolv ikidai ilitia chumvi uwezo wa mitambo yake. Katika mapatano, kampuni ilikatazwa kutoa madai yasiyo na ushahidi, na baadhi ya shule zikapewa nafasi ya kuvunja mikataba.

Kuna atakayeniambia kwamba afadhali mashine yenye kasoro kuliko lango wazi. Sawa, sijasema ziondolewe. Nasema tuambiwe: kati ya watu elfu moja, ni wangapi husimamishwa bure? Na katika majaribio, ni silaha ngapi zilipita? Mzazi anayempitisha mwanawe hapo ana haki ya kujua. Akinyimwa hesabu hiyo, asihubiriwe kuhusu ukubwa wa mkoba.

Kwa hivyo ukienda, jipange kwa kuijua mashine. Vitu vya kushika mkononi, mbele yako, ni mwavuli na kibweta cha miwani cha chuma. Ndivyo huichanganya programu. Acha nyumbani fimbo ya kujipigia picha (ilipigwa marufuku 2015), bunduki za kuchezea (Desemba mwaka huo huo), na kigari kinachozidi upana wa sentimita 79 au urefu wa sentimita 132 (tangu 1 Mei 2019). Mtu wenu akisimamishwa, msiwe na haya. Mtambo umekisia tu.

Halafu msichanganye ukaguzi huo na kile kisomaji cha kidole kwenye lango la tiketi. Hicho hakitafuti silaha. Kazi yake ni kuzuia watu kupokezana tiketi. Hutaki kutoa alama ya kidole? Omba kuonyesha kitambulisho chenye picha. Ni ruhusa, na wengi hawaijui kwa sababu nyuma yao kuna foleni inayowaharakisha.

Sisi wa Nairobi tunaijua hali hii. Tangu Westgate, Septemba 2013, tumezoea kufungua mkoba kwenye lango la duka, askari anachungulia, tunapita. Nguzo kama zile zikiletwa kwetu zikinadiwa kwamba ni za haraka na salama kwa pamoja, muuzaji aulizwe swali moja: umekaza kiasi gani, na nani amekagua? Akijibu kwa neno "akili bandia" peke yake, mfungulieni mlango wa kutokea.

Haya, mnasemaje? Ruksa kunipinga, bora mje na hesabu.