Msichana Hana Foleni Yake

"Ugonjwa wa kujinyima chakula ni wa Wazungu." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa darasani hapa Gitega, na darasa zima likacheka. Nchi ambayo watoto 56 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa katika uchunguzi wa kitaifa wa 2016–2017, itampata wapi msichana anayekataa chakula? Nami nilicheka.

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, anaishi Muyinga. Akiwa na miaka 16 alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, sunna isiyomshangaza mtu nyumbani kwetu. Kisha akafunga karibu kila siku, na futari yake akawapa wadogo zake. Majirani walimsifu kwa ucha Mungu. Hedhi ilipokatika miezi mitatu, alipelekwa kituo cha afya. Wakapima mimba: hakuna. Wakapima malaria: hakuna. Mama mdogo akarudi akimshukuru Mungu kwamba binti hajaharibika. Mizani ilikuwa pale pale mlangoni, na hakuna aliyemwambia apande.

Simlaumu muuguzi. Tangu 2006 matibabu ya watoto chini ya miaka mitano na huduma za kujifungua ni bure Burundi, na sera hiyo naitetea. Lakini vituo vimejipanga kuifuata: utepe wa kupima mkono ni wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mizani ni ya mjamzito. Kati ya hapo msichana huonekana akiugua tu, au akibeba mimba.

Wanaosema "wa Wazungu" watazame Ghana. Utafiti uliochapishwa 2004 ulipima wanafunzi wasichana 668 wa sekondari kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Kumi walikuwa wamekonda mno, na sababu pekee iliyoonekana ni kujinyima wenyewe. Hawakusema wanaogopa unene. Walizungumzia dini na kuitawala nafsi. Kwa hiyo hata tukileta maswali matano yanayotumika Uingereza, ambayo moja linauliza kama unajiona mnene, mdogo wangu angejibu hapana na kuruhusiwa aende. Tunahitaji maswali yetu: Unafunga siku ambazo wenzako hawafungi? Chakula chako anakula nani?

Nitaambiwa hakuna fedha. Mizani ipo. Chati za Shirika la Afya Duniani za umri wa miaka 5 hadi 19 zipo tangu 2007, bure. Ghali ni kungoja mpaka apelekwe kwa madaktari wa akili Kamenge, Bujumbura, safari ndefu kutoka Muyinga. Ila muuguzi afundishwe kwanza, maana akimwambia msichana kama huyu "umependeza, umepungua", ni afadhali asingempima.

Nilipomweleza mama mdogo haya, aliniuliza kama siku hizi chuo kinatufundisha kukataza watu kufunga. Nikamjibu kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula hata Ramadhani. Akasema: "Nani amesema ni mgonjwa?"