TAARIFA YA TAWI: RUZUKU YA JOTO ISIISHIE KWA MWENYE NYUMBA

*Kwa wanachama wote wa tawi na Waswahili wote wa Maine watakaofikiwa na ujumbe huu. Januari 2026.*



Baridi imeshika na bili zimeanza kuingia. Tangu mwaka mpya swali limekuwa lile lile, kwenye simu, kanisani, msikitini na kwenye kundi hili: "Ile ruzuku ya pampu ya joto tuliyoambiwa iko wapi?" Tawi linajibu leo bila kuzunguka. Tutawataja waliofunga mlango, na hatutawaficha wa kwetu walioujenga mlango wenyewe vibaya.

*1. Tulichoahidiwa*

Pampu ya joto ni mashine ya umeme inayovuta joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani wakati wa baridi. Kiangazi inageuza kazi na kupoza nyumba. Haichomi mafuta. Maine inategemea mafuta ya kupasha joto kuliko jimbo jingine lolote Marekani, kwa hiyo kila bei ya mafuta inapopanda, sisi ndio tunaoumia kwanza.

Mwaka 2019 Gavana Janet Mills alisaini sheria ya kufunga pampu 100,000 ifikapo 2025. Lengo lilifikiwa 2023, miaka miwili kabla. Viongozi wa chama chetu walipiga makofi, na ilikuwa haki yao. Sisi tunauliza swali ambalo halikuulizwa siku ile: ngapi kati ya pampu hizo ziko kwenye nyumba za kupanga, zile za mbao za ghorofa tatu tunamoishi sisi?

*2. Waliofunga mlango*

Agosti 2022 chama cha Democratic kilipitisha sheria kubwa ya nishati. Seneti iligawanyika 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Kamala Harris ndiye aliyeivusha. Hakuna hata Republican mmoja aliyeiunga mkono. Sheria hiyo ilimpa anayefunga pampu ya joto nafuu ya kodi ya mapato ya asilimia 30 ya gharama, isiyozidi dola 2,000 kwa mwaka. Ilipangwa kudumu hadi 2032.

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alisaini sheria iliyoikata. Mwisho wake ulikuwa 31 Desemba 2025. Miaka saba imefutwa kwa kalamu moja.

Hawakuishia hapo. Aprili 2025 serikali yake iliwaachisha kazi watumishi wote wa ofisi ya Washington inayosimamia msaada wa bili za joto, ule tunaouita HEAP. Mwezi uliofuata bajeti yake ikapendekeza msaada wenyewe ufutwe kabisa. Oktoba na Novemba, serikali ilipofungwa kwa siku 43, fedha za msaada zikachelewa huku matangi ya watu yakikauka.

Halafu wapo wanaosema wageni ndio wanaomaliza fedha hizi. Msaada huo ulianza 1981, kabla wengi wetu hatujasikia jina la Maine. Unawapasha joto wazee waliozaliwa hapa, wastaafu na wajane wa vijijini. Anayetaka kuufuta hamfukuzi Mkongo wala Mrundi, anamzimia moto bibi wa jirani yake. Nasi hatukuja kukaa mkekani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tumelishika siku nyingi: tunauguza wazee wao, tunapanga mizigo usiku kwenye maghala, na kodi tunalipa.

*3. Makosa ya kwetu*

Lakini tusidanganyane. Hata kabla ya Trump kuikata, nafuu ile haikuwa imeshonwa kwa mwili wetu.

Kwanza, ilipunguza kodi ya mapato tu. Haikuwa fedha mkononi. Familia yenye watoto wanne na mshahara mdogo mara nyingi haidaiwi kodi hiyo hata senti. Asilimia 30 ya kupunguza kitu ambacho hakipo ni sifuri. Mwenye mshahara mkubwa alipata dola 2,000 zake, mfagiaji hakupata kitu.

Pili, mwenye nyumba anayepangisha bila kuishi humo hakuruhusiwa kuidai. Mpangaji aliruhusiwa kwenye karatasi. Haya, nani atanunua mashine ya maelfu ya dola aifunge kwenye ukuta wa mtu mwingine, halafu mkataba wake uishe Juni?

Mwanachama wetu mmoja, mama anayefanya zamu za usiku, anajilipia mafuta mwenyewe. Alimwomba mwenye nyumba afunge pampu, au angalau azibe madirisha yanayopitisha upepo. Akajibiwa, "Ukisikia baridi, vaa koti." Hilo si suala la roho mbaya ya mtu mmoja tu. Anayemiliki nyumba halipi bili, na anayelipa bili hamiliki nyumba. Ukiweka ruzuku mkononi mwa mmiliki bila sharti, ataiacha mezani kwa sababu baridi haimhusu, au ataichukua, atengeneze nyumba, kisha apandishe kodi ya pango na kukutoa. Wakubwa wa chama chetu walijua hivyo. Waliandika sheria kana kwamba kila Mmarekani ana nyumba yake.

*4. Milango ambayo bado iko wazi*

Tunapopigana, tuchukue kilichopo.

▪️ *HEAP.* Msaada wa bili ya joto. Jimboni unasimamiwa na MaineHousing, na maombi yanapokelewa na mashirika ya Community Action ya eneo lako. Mpangaji anaruhusiwa kuomba.

▪️ *Kuziba nyumba (Weatherization).* Mpango wa serikali kuu tangu 1976: kuziba nyufa, kujaza vizuia baridi kwenye kuta na darini, kukagua hita. Mpangaji mwenye kipato kidogo anastahili bila kulipa, mradi mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Kanuni inakataza kodi ya pango kupandishwa kwa sababu ya kazi hiyo kwa muda uliowekwa. Unapoomba HEAP, uliza na huu hapo hapo.

▪️ *Efficiency Maine.* Ruzuku ya jimbo ya pampu za joto, na hii haikufutwa. Kadiri kipato kinavyokuwa kidogo, ndivyo ruzuku inavyokuwa kubwa. Wenye nyumba zenu, thibitisheni kipato na masharti kabla ya kusaini na fundi yeyote.

▪️ *Nafuu ya 2025.* Kama pampu yako ilifungwa na kuanza kazi kufikia 31 Desemba 2025, idai kwenye kodi ya mwaka huo kwa fomu 5695. Akikupigia mtu kukuuzia pampu mpya kwa ahadi ya nafuu hiyo, kata simu. Huyo ni tapeli.

Hujui pa kuanzia? Piga 211 uombe mkalimani wa Kiswahili. Usimfanye mtoto wa darasa la tano mkalimani wa mambo ya fedha. Mwenye wasiwasi juu ya hati zake azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, ndipo ajaze fomu.

*5. Madai ya tawi*

Kamati ya tawi itawapa madai haya wagombea wote wa chama chetu wa mwaka huu, kuanzia halmashauri ya mji hadi Congress:

1️⃣ Sehemu maalum ya ruzuku za pampu itengwe kwa nyumba za kupanga.

2️⃣ Mwenye nyumba anayepokea fedha za umma afungwe na mkataba: asipandishe kodi ya pango kwa ajili ya kazi hiyo wala kumtoa mpangaji kwa miaka itakayowekwa.

3️⃣ Msaada ulipwe moja kwa moja, usipitie kodi ya mapato ambayo maskini hadaiwi.

4️⃣ Fomu zitolewe kwa Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda, Lingala na Kireno.

Kila mgombea atajibu kwa maandishi, na majibu yao tutayatuma hapa hapa, neno kwa neno. Asiyejibu asitutarajie kumgongea milango Oktoba. Tumechoka kuwa watu wa kupigwa nao picha. Wenye uraia wana kura. Wasio nayo bado wana mdomo na miguu, na mikutano ya halmashauri iko wazi kwa kila mkazi.

Ahadi ni deni, na deni hili linadaiwa wakati wa baridi.

*Jukumu la wiki hii:* kila mwanachama amtafute mpangaji mmoja ambaye hajaomba HEAP, akae naye, waijaze fomu pamoja.

Imetolewa na Katibu Mwenezi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi.

_Sambaza kwa ndugu na jirani._