Manda za Sambusa Zisukumwe Nyumbani

Na Adventina Kokushubira

Mwanamke anayeijua kazi ya kusukuma manda, zile karatasi nyembamba za unga za kufungia sambusa, haanzi na nyama. Anaanza na unga wa ngano nusu kilo, chumvi kidogo, kijiko cha mafuta na maji anayoyamimina kwa kuyapima kwa vidole. Anakanda mpaka donge liwe laini, analifunika, analiacha lipumzike nusu saa. Asiyengoja hapo atahangaika baadaye, kwa sababu unga uliokandwa muda huo huo hujivuta: ukisukumwa unarudi.

Huko Nshambya, kata ya Manispaa ya Bukoba, jiko limezoea ndizi zaidi ya ngano. Ngano hailimwi huko. Sehemu kubwa ya ile inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nje, na vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya unga ilipanda. Ndiyo maana kila gramu ya unga huo ina thamani, na ndiyo maana manda zinazonunuliwa zikiwa zimegandishwa zinaumiza zinapoharibika. Zile zinazotoka Dar es Salaam husafiri barabarani zaidi ya kilomita 1,300. Bukoba yenyewe iko Kagera, mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme kutoka Uganda, na kukatika kwa umeme si jambo geni kwa wakazi wake. Manda ikiyeyuka na kuganda tena hushikana na nyingine, na ikibanduliwa inapasuka. Pesa imekwenda.

Basi turudi jikoni. Donge kubwa hugawanywa madonge 16, kila moja kama ndimu. Manne husukumwa yafikie upana wa kisahani cha chai. La kwanza hupakwa mafuta hadi ukingoni, hunyunyiziwa unga mkavu, la pili huwekwa juu yake, hivyo hivyo mpaka la nne. La juu halipakwi kitu. Kisha yote husukumwa pamoja, kutoka katikati kwenda nje, yakigeuzwa kila mara, mpaka yawe duara pana kama sahani ya kulia.

Hapa ndipo penye ufundi wote. Chuma cha chapati kiwe cha moto wa wastani, bila mafuta. Duara linakaa sekunde chache tu, linageuzwa mara tu vinapoanza kuonekana vipovu vidogo. Likipata rangi ya kahawia limeshakauka, litavunjika wakati wa kukunja. Likiwa bado la moto, ncha za vidole hutafuta ukingo na kubandua tabaka moja baada ya jingine, mvuke ukitoka katikati yao. Mafuta na ule unga mkavu ndivyo vilivyozuia yasigandamane. Kila duara hukatwa vipande vinne, kwa hiyo mafungu manne ya madonge manne manne yanatoa manda 64, ambazo hufunikwa mara moja kwa kitambaa kibichi.

Ujuzi huu ni mkongwe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika juu ya sambusa alizopewa baadaye India: nyama iliyosagwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Mkate huo mwembamba ndio manda.

Mpishi wa Bukoba ana ziwa mlangoni. Sangara aliyechambuliwa mifupa, akakaushwa vizuri kwa kitunguu, tangawizi na pilipili manga, anakaa ndani ya manda hii vizuri kuliko nyama yenye maji, kwa kuwa maji ndiyo adui mkubwa wa sambusa kwenye mafuta ya moto.

Ili ujuzi huu urithiwe, wazazi wawaite watoto wao wote kwenye kibao cha kusukumia, wa kike na wa kiume. Anayeanza Jumamosi hii aanze na madonge mawili tu, apake mafuta mpaka ukingoni, na abandue yangali moto.